Kompyuta ya Mezani Imegoma Kuwaka Baada ya Kufungwa Upya: Mwongozo Kamili wa Kulitafuta Tatizo

Umebadilisha ubao mama, au umehamishia vifaa vyote kwenye kasha jipya, au umeongeza kadi ya grafiki na ramu. Umekaza skrubu ya mwisho, umebonyeza swichi, na mashine imenyamaza. Au feni zinazunguka vizuri kabisa lakini skrini nyeusi tii. Wazo linalomjia mtu haraka ni kwamba kuna kifaa kimeungua, na hapo ndipo pesa huanza kupotea kwa kununua vitu visivyohitajika.

Vifaa vilivyokuwa vikifanya kazi kabla ya kufunguliwa haviharibiki kirahisi kwa kufunguliwa tu. Kwa kawaida kuna waya haukuchomekwa, ramu haikuingia mpaka mwisho, pini imepinda, au chuma kimegusa mahali kisipotakiwa kugusa. Kwa hiyo ulichokigusa mwisho ndicho mshukiwa wako wa kwanza, na njia ya kumbana ni kupunguza vitu kimoja kimoja mpaka mashine iwake. Fuata utaratibu huu bila kuruka hatua na utajua tatizo liko wapi kabla hujatoa hata senti.

Maandalizi

Unahitaji bisibisi ya nyota, tochi, na kitabu cha maelekezo cha ubao mama. Kama kitabu kimepotea, jina la modeli limechapishwa kwenye ubao wenyewe, aghalabu katikati ya sloti za kadi. Lisome na upakue kitabu kutoka tovuti ya mtengenezaji. Usikipuuze. Sehemu kubwa ya majibu utakayoyatafuta mtandaoni kwa saa nzima yamo humo kwenye kurasa mbili tatu zenye michoro. Multimita ikiwepo itasaidia sana, lakini si lazima.

Kila unapotaka kugusa chochote ndani, zima swichi ya nyuma ya pawa saplai, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza swichi ya kuwashia kwa sekunde kama 5 ili umeme uliobaki kwenye kapasita uishe. Gusa chuma tupu cha kasha ili kuondoa umeme tuli mwilini. Na pawa saplai yenyewe usiifungue hata siku moja: ndani yake kuna kapasita zinazoweza kukaa na umeme wa hatari muda mrefu baada ya kuchomolewa.

Kingine, badilisha jambo moja tu kisha jaribu kuwasha. Ukibadilisha mambo matatu kwa mpigo na mashine ikawaka, hutajua lipi lilikuwa tatizo, na likirudi kesho utaanza upya. Andika kwenye karatasi ulichofanya na kilichotokea.

Kwanza tambua inakwamia wapi

"Haiwaki" ni neno moja linalobeba matatizo manne tofauti, na kila moja lina njia yake. Bonyeza swichi na utazame kwa makini. Je, ni kimya kabisa, hakuna taa wala feni? Je, feni zinashtuka nusu sekunde kisha zinazima, labda zinarudia rudia? Je, feni zinaendelea kuzunguka lakini skrini haionyeshi kitu? Au nembo ya mtengenezaji inatokea, kisha mfumo endeshi ndio haupakii? Hali ya mwisho inaonekana mbaya lakini ndiyo nyepesi kuliko zote, maana prosesa, ramu na ubao mama vimeshajipima na vimepita.

Hali ya kwanza: kimya kabisa

Anza nje. Chomeka taa au chaja ya simu kwenye soketi ileile ya ukutani na kwenye ekstensheni ileile. Tazama swichi ya nyuma ya pawa saplai: upande wa I ndio umewashwa, upande wa O umezimwa. Watu huizima kwa usalama wakati wa kufunga na kuisahau hapo. Pawa saplai za zamani zina pia kiswichi chekundu cha 115 na 230. Lazima kilingane na umeme wa ukutani kwako, na kikiwekwa 115 mahali penye volti 230, pawa saplai huungua papo hapo.

Sasa ndani. Ubao mama nyingi zina taa ndogo inayowaka mara tu umeme unapofika, hata kabla ya kubonyeza swichi. Ikiwaka, pawa saplai inatoa angalau ule umeme wa kusubiri wa volti 5, na plagi kubwa ya pini 24 inagusa. Isipowaka, chomoa plagi hiyo, irudishe, na uisukume mpaka ndoano yake ya pembeni ishike kwenye jino la soketi. Plagi hii ni ngumu. Shikilia ubao kwa mkono mwingine ili usipinde. Kama pawa saplai yako ni ile ambayo waya zake huchomoka pande zote mbili, kagua na upande wa pili pia.

Baada ya hapo nenda kwenye zile waya nyembamba za mbele ya kasha, zenye vichwa vilivyoandikwa POWER SW, RESET SW, HDD LED na POWER LED. Hapa ndipo penye utata kuliko popote, kwa sababu pini ni ndogo, zimebanana kwenye kona ya chini, na maandishi ya ubao hufunikwa na waya zenyewe. Mpangilio wa kawaida una pini 9 katika safu mbili, na nafasi ya kumi iliyo tupu ndiyo alama ya kukuelekeza. Fungua mchoro kwenye kitabu, geuza ubao ukae kama ulivyochorwa, kisha hesabu kuanzia ile nafasi tupu. Waya za swichi hazina chanya wala hasi, ukizigeuza zitafanya kazi vilevile. Za taa zina upande, lakini ukizikosea taa haitawaka tu, mashine haizuiliki.

Ili kujua kama swichi ya kasha ndiyo mbovu, iache kabisa. Chomoa vile vichwa vyote, washa umeme wa nyuma, kisha gusisha zile pini mbili za POWER SW kwa ncha ya bisibisi kwa sekunde moja. Umeme wa hapo ni mdogo sana na hauna madhara, ila hakikisha bisibisi haigusi pini nyingine. Ikiwaka, ubao ni mzima. Swichi ya kasha au waya wake ndio wenye shida, na kwa muda unaweza kuichomeka waya ya RESET mahali pa POWER ukaitumia kuwashia.

Ikiwa bado kimya, pima pawa saplai peke yake. Chomoa waya zake zote kutoka kwenye mashine. Ikiwa imezimwa, unganisha waya wa kijani wa plagi ya pini 24 na waya mweusi wowote wa plagi hiyohiyo kwa kipande cha waya au kibanio cha karatasi kilichonyooshwa. Kama waya zote ni nyeusi, unayoitafuta ni pini namba 16, na jirani zake wa kila upande, 15 na 17, zote ni za ethi, yaani ni sawa na waya mweusi. Chomeka feni moja ya kasha ili iwe na cha kuendesha, kisha washa. Usitegemee feni ya pawa saplai yenyewe kukupa jibu, maana nyingi za kisasa hazizungushi feni mpaka zipate joto. Kwa multimita, waya wa njano utoe kati ya volti 11.4 na 12.6, mwekundu kati ya 4.75 na 5.25, na wa chungwa kati ya 3.14 na 3.47. Nje ya hapo, pawa saplai imekwisha. Ila ikipita usiitangaze kuwa nzima moja kwa moja: kipimo hiki hakina mzigo, na pawa saplai dhaifu hupita ikiwa mezani halafu ikaanguka prosesa inapovuta umeme.

Hali ya pili: inashtuka kisha inazima

Mashine inayowaka kwa nusu sekunde na kuzima inajikinga. Pawa saplai imeona shoti au umeme unaovutwa kupita kiasi, ikakata. Baada ya kufunga upya, shoti huwa na sababu chache zinazojirudia, na zote zinaonekana kwa macho ukiwa na tochi.

Ya kwanza ni viguzo vidogo vya shaba ambavyo ubao mama hukalia ndani ya kasha. Ubao wa ukubwa mmoja hautumii matundu yaleyale na wa ukubwa mwingine. Ukihamia ubao mdogo na ukaacha viguzo vya ule mkubwa, kimoja hubaki chini ya sehemu isiyo na tundu la skrubu na kugusa lehemu za nyuma. Njia ya uhakika ni kuutoa ubao, kuuweka juu ya kasha, na kuhesabu: kila kiguzo kiwe na tundu lake, na kila tundu la ubao liwe na kiguzo. Kikizidi, kitoe. Ukiwa hapo, tikisa kasha usikilize kama kuna skrubu iliyoangukia nyuma.

Ya pili ni lile bati jembamba la nyuma, linalozunguka matundu ya USB na mtandao. Lina vindimi vya chuma vinavyotakiwa kulala juu ya matundu hayo. Ukiusukuma ubao kwa haraka, kindimi kimoja huingia ndani ya tundu la USB na kugusa pini zake. Chungulia kutoka nyuma, tundu moja moja.

Ya tatu ni USB ya mbele. Plagi yake pana ya pini 19 hushika kwa nguvu, na mtu akiivuta kwa pembe wakati wa kubomoa, pini za ubao hupinda au fremu ya plastiki hung'oka nazo. Pini mbili zikigusana, umeme wa volti 5 unaingia shoti. Chomoa waya zote za mbele, za USB na za sauti, kisha jaribu bila hizo.

Kisha kuna waya zenyewe. Plagi ya pini 8 ya prosesa iliyo juu kabisa ya ubao hufanana na ya kadi ya grafiki, lakini mpangilio wa umeme ni kinyume: palipo volti 12 kwenye moja, pana ethi kwenye nyingine. Ya prosesa hugawanyika nne na nne, ya kadi hugawanyika sita na mbili. Umbo la vijitundu linazizuia zisiingiliane, ila mtu mwenye nguvu huzilazimisha. Kama plagi inahitaji kulazimishwa, siyo yake.

Na hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu linaharibu vifaa kweli: waya za pawa saplai za kuchomoka hazibadilishani kati ya pawa saplai moja na nyingine, hata zikiwa za kampuni moja, isipokuwa mtengenezaji ameandika kwamba zinalingana. Upande wa kifaa una kanuni moja duniani kote. Upande wa pawa saplai kila mtengenezaji anapanga anavyotaka. Aliyebadilisha pawa saplai na kuacha waya za zamani ndani ya kasha ili asisumbuke kuzipanga upya anaweza kupeleka volti 12 kwenye diski mahali pa volti 5, na diski hiyo ikafa na mafaili yake yote. Kama ndivyo ulivyofanya, simama sasa hivi na uweke waya zilizokuja na pawa saplai hiyo mpya.

Vua kila kitu, ubaki na mifupa

Kama bado hujapata jibu, au kabla ya kuzama kwenye hali ya tatu, fanya jaribio hili. Mimi naliona ndilo lenye thamani kuliko mengine yote kwenye kazi hii, na najua watu wanalikwepa kwa uvivu wa kubomoa tena walichokifunga.

Toa ubao mama nje ya kasha. Uweke juu ya boksi lake la karatasi, si juu ya ule mfuko wake wa kung'aa, maana mifuko ya aina hiyo inaweza kupitisha umeme kwa nje. Acha vitu hivi tu: prosesa na hitisinki yake (kile kipoza joto cha juu yake), ramu moja, pawa saplai kupitia plagi ya pini 24 na ya pini 8, na njia moja ya picha. Kama prosesa yako ina grafiki ya ndani, toa na kadi pia. Hakuna diski, hakuna USB, hakuna feni za kasha, hakuna waya za mbele. Washa kwa kugusisha pini za POWER SW.

Ikiwaka hapo, umeshinda: vifaa ni vizima na tatizo liko kwenye kasha, kwenye waya au kwenye kimoja cha vitu ulivyovitoa. Virudishe kimoja kimoja, ukiwasha kila mara, na kile kitakachoizima ndicho. Isipowaka, wahusika wamebaki wanne tu (prosesa, ramu, ubao na pawa saplai), au watano kama kadi imebaki, na hiyo nayo ni nafuu kubwa.

Hali ya tatu: feni zinazunguka, skrini nyeusi

Anza na kebo ya monita. Ukiwa na kadi ya grafiki, kebo ichomekwe kwenye kadi, yale matundu yaliyolala chini, si kwenye matundu ya ubao mama karibu na USB. Hakikisha pia monita imechagua tundu sahihi kati ya HDMI na DisplayPort. Kinyume chake, aliyetoa kadi ili kupima lazima ajue kama prosesa yake ina grafiki. Za Intel zinazoishia na herufi F hazina. Ryzen, yaani prosesa za AMD, za soketi ya AM4 hazina, isipokuwa zile zenye G. Ryzen 7000 za AM5 zinayo, ila zenye F hazina. Prosesa isiyo na grafiki bila kadi haitaonyesha kitu hata ikiwa nzima kabisa.

Tazama plagi ya prosesa, ile ya pini 8 pembeni juu. Ikisahaulika, feni zote zitazunguka, taa zote za urembo zitawaka, na hakuna kingine kitakachotokea. Imejificha nyuma ya hitisinki na husahaulika mno, hasa na wale wanaopanga waya kabla ya kufunga ubao.

Kisha ramu. Ubao wenye sloti 4, ukiwa na ramu mbili, unataka sloti ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, ambazo kitabu huziita A2 na B2. Kwa ramu moja, A2. Toa ramu zote. Fungua kishikizo cha juu mpaka kilale nje kabisa. Baadhi ya sloti zina kishikizo upande mmoja tu, na upande wa pili ndio hudanganya, ramu inaonekana imekaa kumbe imeinuka milimita moja. Linganisha pengo la ramu na jino la sloti, weka vidole gumba viwili kwenye ncha zote mbili, bonyeza moja kwa moja chini mpaka usikie mlio wa kishikizo kikirudi chenyewe. Kama umekirudisha wewe kwa kidole, ramu haijaingia. Jaribu ramu moja kwenye A2, kisha nyingine, kisha sloti nyingine. DDR4 na DDR5, vizazi viwili vya ramu, haziingiliani, pengo lake liko mahali tofauti, kwa hiyo isipoingia usiisukume zaidi.

Hapa subira inahitajika. Mashine za DDR5, hasa za AM5 iliyotoka mwaka 2022, zikiwashwa mara ya kwanza au baada ya kufuta BIOS (programu ya ndani ya ubao mama inayoiwasha mashine na kutunza mipangilio yake) huanza kujifunza ramu zake, na wakati huo skrini hubaki nyeusi. Inaweza kuchukua dakika kadhaa, na kwa ramu nyingi hata dakika 10 au zaidi. Mashine inaweza kujizima na kujiwasha yenyewe katikati. Aliyeikatia umeme baada ya dakika moja anairudisha mwanzo kila mara na kuamini imekufa. Iwashe, uiache robo saa.

Baada ya hapo futa kumbukumbu ya BIOS. Mipangilio ya prosesa au ramu ya zamani inaweza kuwa bado imo humo na haiwezekani kwenye kifaa kipya. Chomoa umeme, toa betri ya duara ya CR2032, subiri dakika 5 hadi 10, irudishe. Au tumia pini mbili zenye maandishi CLR_CMOS au CLRTC kama kitabu kinavyoeleza. Ukipata nafasi pima betri: ikiwa chini sana ya volti 3, weka mpya.

Zisome taa na milio

Ubao mama nyingi za kisasa zina taa nne karibu na plagi ya pini 24: CPU (prosesa), DRAM (ramu), VGA (grafiki) na BOOT (kupakia mfumo endeshi). Mashine inapowaka huzipitia kwa zamu, na ile inayobaki imewaka ndiyo hatua iliyokwama. Ubao wa bei ya juu una kioo cha herufi mbili ambacho maana zake zimo kwenye kitabu. Kwenye ubao wa zamani, chomeka spika ndogo kwenye pini za SPEAKER na uhesabu milio, ukikumbuka kuwa maana yake hutofautiana kati ya mtengenezaji na mtengenezaji.

Hata bila kujua maana za milio kuna kipimo kimoja kizuri. Toa ramu zote, washa. Kama spika inalia au taa ya DRAM inabaki, prosesa na ubao mama viko hai, kwa sababu ni prosesa ndiyo iliyogundua kwamba ramu haipo. Kama hakuna mlio wala mabadiliko yoyote, rudi kwenye prosesa, ubao au umeme wake.

Taa ya VGA ikibaki, ng'oa kadi ya grafiki, irudishe mpaka kishikizo cha nyuma ya sloti kilie, na chomeka waya zake zote za umeme; kadi yenye matundu mawili inataka yote mawili. Kama kadi imeunganishwa kwa kebo ya kurefushia sloti, iondoe kebo na uichomeke kadi kwenye ubao wenyewe. Kebo ya PCIe (aina ya sloti ya kadi ya grafiki) ya kizazi cha 3 chini ya kadi na ubao wa kizazi cha 4 huweza kuleta skrini nyeusi, na dawa yake ni kuingia BIOS na kuishusha sloti hiyo kuwa kizazi cha 3.

Prosesa: inaingia lakini je, inakubalika?

Prosesa kuingia kwenye soketi si ushahidi kwamba ubao unaitambua. Mfano mzuri ni soketi ya LGA1151: Intel Core za kizazi cha 8 na 9 zina umbo linaloingia kwenye ubao wa chipseti (chipu kuu za ubao mama) za 100 na 200 zilizotengenezwa kwa kizazi cha 6 na 7, lakini haziwaki humo; zinataka chipseti za 300. Upande wa AMD, ubao wa B450 huwasha Ryzen 5000 baada tu ya kuwekewa toleo jipya la BIOS. Nenda kwenye ukurasa wa modeli ya ubao wako, fungua orodha ya prosesa zinazokubalika, na usome toleo la BIOS lililoandikwa mbele ya prosesa yako. Ubao wenye kitufe cha kuandika BIOS kutoka kwenye flashi unaweza kusasishwa bila prosesa kufanya kazi: faili hupewa jina linalotajwa kwenye kitabu, flashi huumbizwa kwa FAT32 na kuchomekwa kwenye tundu lile lile lililowekewa alama. Usikate umeme mpaka taa ya kitufe iache kupepesa.

Kama orodha inaikubali, toa prosesa uitazame. Prosesa za AM4 zina pini zake 1331 kwa chini, na hitisinki iliyogandana na pesti kavu ya kupitisha joto inaweza kuing'oa kutoka kwenye soketi ikiwa bado imefungwa. Ndiyo maana hitisinki ya AM4 huzungushwa kidogo kushoto na kulia, mashine ikiwa na joto, kabla ya kuinuliwa. Kwenye LGA1700 ya Intel na AM5 ya AMD pini ziko kwenye soketi, nazo ni laini sana. Zima taa ya chumba, mulika tochi kwa pembe ya chini kutoka upande mmoja, na uangalie jinsi mistari ya pini inavyong'aa. Pini nzima hung'aa pamoja kwa safu. Iliyopinda huvunja mstari, ama inabaki nyeusi ama inang'aa peke yake. Geuza tochi kila upande. Iliyopinda kidogo huweza kunyooshwa kwa sindano na lenzi ya kukuza, kwa utulivu, kidogo kidogo. Iliyovunjika ni kazi ya fundi mwenye vifaa.

Unaporudisha, pembetatu ya dhahabu kwenye kona ya prosesa ilingane na alama ya soketi. Ondoa plastiki ya kinga chini ya hitisinki mpya. Ikibaki, prosesa hupata joto upesi na mashine huzima. Feni yake ichomekwe kwenye CPU_FAN, maana baadhi ya ubao hukataa kuendelea bila kuiona. Kaza skrubu za hitisinki kwa mshazari, kidogo kidogo, kwa nguvu sawa. Ikikazwa upande mmoja kupita kiasi, prosesa haigusi pini zote sawasawa, na matokeo yake ni ramu ya upande mmoja kutoonekana kabisa, jambo linalomfanya mtu alaumu ramu nzima isiyo na kosa.

Hali ya nne: BIOS inaonekana, mfumo hauingii

Ingia BIOS kwa Delete au F2 na uangalie kama diski imeorodheshwa. Isipokuwepo, kagua waya zake mbili, wa data na wa umeme. Kama ni SSD ya M.2 (ile nyembamba inayolala juu ya ubao), soma kitabu: sloti nyingine zinakubali aina ya NVMe tu na hazioni SSD ya M.2 ya aina ya SATA, na kwenye ubao mwingi kutumia sloti fulani ya M.2 huzima matundu fulani ya SATA.

Diski ikionekana lakini haipakii, mara nyingi ni hali ya kubuti. Windows iliyosakinishwa kwa njia ya zamani kwenye diski ya MBR (mpangilio wa zamani wa diski) haitaanza kwenye ubao unaotumia UEFI, njia mpya ya kubuti, pekee. Ama uwashe CSM (hali ya kubuti kwa njia ya zamani) kama ipo, ama uigeuze diski kuwa GPT, mpangilio mpya. Ukikutana na ujumbe wa INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, tazama kama hali ya SATA kwenye BIOS imebadilika kati ya AHCI na RAID (njia mbili za kuendesha diski), au kama VMD, kidhibiti cha diski cha Intel, imewashwa kwenye ubao wa Intel, na urudishe ilivyokuwa. Windows ikiomba ufunguo wa BitLocker (kifungio cha siri cha diski), haijaharibika. Imeona ubao mama umebadilika na inataka ile namba ya tarakimu 48. Kwa kompyuta binafsi aghalabu imehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft, na unaweza kuifungua kwa simu. Usifute diski kwa hasira kabla ya kuitafuta huko.

Ukibaki na kifaa unachokishuku

Baada ya yote haya, kama mifupa bado haiwaki, badilishana vifaa na mashine nyingine inayofanya kazi na inayolingana. Anza na pawa saplai, kisha ramu, kisha kadi. Prosesa na ubao viache mwisho, na prosesa unayoishuku uipime kwenye ubao mwingine kabla ya kuweka prosesa nzima kwenye ubao unaoushuku, kwa sababu ubao wenye shoti unaweza kuua prosesa, ilhali prosesa kuua ubao ni nadra. Kati ya hao wawili, ubao ndio hufa zaidi.

Ikishawaka, usikimbilie kufunga kifuniko. Kaa kwenye BIOS dakika 10. Soma joto la prosesa: bila kazi yoyote likipanda moja kwa moja kuelekea nyuzi 90, hitisinki haijakaa. Hakikisha jumla ya ramu ni ile uliyoweka na kwamba feni ya prosesa ina kasi inayosomeka. Acha mipangilio ya XMP au EXPO, ile inayoongeza kasi ya ramu, ikiwa imezimwa mpaka mfumo endeshi upakie na ukae imara, kisha uiwashe na ujaribu tena.